Tazameni Kidole Kwanza

(Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi na vijana wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, hapa Dallas. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na niliyoulizwa mwishoni.)

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za mchana. Vijana, hamjambo.

Mwalimu aliponiomba nije kuzungumza, alidhani nitasimulia namna msichana wa Pangani alivyoishia kuwa msaidizi wa daktari wa wanyama Texas. Hadithi hiyo ni fupi na haina utamu: nilifika, nikatafuta kazi, nikaulizwa kama naogopa kung'atwa, nikasema siogopi. Basi. Leo nimekuja na habari ya mnyama mdogo ambaye mwaka huu peke yake nimemkuta katika nyumba tatu za watu waliomo humu ndani, na katika nyumba mbili kati ya hizo alikuwa anajitafuna. Sitataja nyumba ya mtu. Wenyewe mnajijua, na mmoja wenu ameshaangalia chini.

Mnyama mwenyewe anaitwa shuga glaida (sugar glider). Mzee mmoja pale mlangoni kaniuliza, "Binti, unakuja kutuhutubia habari za yule panya wa watoto?" Si panya, mzee wangu, na nisamehe, hotuba ni hiyohiyo.

Mliokulia pwani mnamjua komba. Macho makubwa, mkia mrefu, kilio kama cha mtoto mchanga, na ile sifa yake ya kupanda mnazi usiku akanywa tembo la watu kwenye kibuyu cha mgema, ndiyo maana mlevi tunamwambia amelewa kama komba. Basi ukimwona glaida mara ya kwanza utasema huyu ni komba aliyenyimwa chakula. Uzito wake gramu 100 hadi 160, sawa na ndizi moja mbivu. Ana ngozi iliyotanda ubavuni kutoka mkono hadi mguu. Akijirusha juu ya mti anaitanua kama kanga inayotandikwa, akaelea hewani hata mita 50. Ila kwa ukoo hawajuani kabisa. Komba ni wa upande wetu, wa nyani na binadamu. Glaida ni wa upande wa kangaruu: mama anabeba mtoto mfukoni. Kwao ni misitu ya Australia na New Guinea, na wataalamu wa vinasaba wamefuatilia hawa wanaofugwa Marekani wakakuta mababu zao walitoka Papua Magharibi, huko Indonesia. Biashara ya kuwafuga hapa ilishika kasi miaka ya 1990.

Sikuwalinganisha na komba kwa mzaha. Wote wawili ni watu wa usiku, wote wanakwangua magome wakilamba gundi na utomvu wa miti kama migunga, na wote wamezaliwa na kitana mwilini. Komba ana meno ya chini yaliyopangika kama kitana, na kidole cha pili cha mguu wa nyuma kina ukucha wa kujikunia. Glaida yeye kitana chake kiko mguuni tu: kidole cha pili na cha tatu cha mguu wa nyuma vimeungana kwa ngozi, kucha mbili zimechomoza pamoja, na hizo ndizo anazopitisha kwenye manyoya. Naomba mkishike hicho kitana, nitakirudia.

Halafu anaoga. Hili ni la kuchekesha kidogo. Anatemea mate viganjani huku akitoa sauti kama chafya ndogo, tsi, tsi, tsi, kisha anajipaka usoni, nyuma ya masikio, kifuani, tumboni, hana haraka. Wenye glaida mpya hutupigia simu wakisema ana mafua. Hana mafua. Anaoga.

Kwa hiyo mnyama huyu kujilamba na kujichana ni ada yake, kama sisi na mswaki. Ukimwona anajilamba, mwache. Kazi inaanza pale anaporudia mahali palepale. Leo shina la mkia limelowa. Kesho kutwa manyoya ya hapo yamekatika, yamebaki mafupi kama yaliyopitiwa mkasi. Kisha ngozi inakuwa nyekundu, kisha kuna kidonda, na akishaanza kula nyama yake mwenyewe anaweza kumaliza mkia kwa usiku mmoja. Simwogofyi mtu. Nimeona mkia ambao jioni ulikuwepo. Dalili nyingine ambayo watu hawaitilii maanani: anaamka mchana. Glaida mchana analala fofofo. Akikatisha usingizi saa saba mchana ili ajilambe, au akaacha chakula nusu akageukia mguu wake, huyo ana jambo.

Niwaondolee na hofu moja isiyo na sababu. Dume akipevuka hutoka upara katikati ya kichwa, umbo la almasi hivi. Hapo pana tezi ya harufu, anaitumia kuwapaka wenzake na vitu vyake ili ajue nani ni wa nyumbani. Na kifuani anayo nyingine. Upara huo si ugonjwa, wala mwenzake hajamnyonyoa. Kila mwezi anakuja mtu kwetu na upara huo, tunamwangalia mnyama, tunamrudisha nyumbani.

Sasa niwaambie kosa langu.

Jumatatu moja ilipigwa simu pale kazini, mama anazungumza Kiingereza cha kusitasita, nikasikia kinavyoegemea, nikamgeuzia Kiswahili. Akashusha pumzi. Ni mama wa Kikongo. Akasema glaida wa mwanawe anajiuma mguu wa nyuma na chini ya mkia. Nikamuuliza, yuko peke yake? Yuko peke yake. Mwanao je? Ameenda chuo wiki tatu zilizopita. Basi mimi nikajiona mganga. Nikamwambia, mama, huyu ana upweke. Alizoea kubebwa na kijana kifuani, kijana kaondoka. Tafuteni mwenzake, na kwa sasa mkae naye zaidi jioni.

Ni jibu zuri, si ndiyo? Hata ninyi mngelitoa. Lina huruma ndani yake, na kwa sisi tulioacha watu nyumbani neno upweke halihitaji kuelezwa. Nadhani ndiyo maana lilinitoka haraka hivyo.

Alhamisi jioni wakamleta, mama na bibi wa yule kijana. Glaida alikuwa ndani ya kifuko cha kitenge, kimeshonwa vizuri, cha buluu na manjano. Nilipokifungua akatoa ile sauti yao ya kutisha watu, kama cherehani bovu linalolazimishwa kushona jinzi. Daktari akampa hewa ya usingizi kwa kibarakoa kidogo kama kifuniko cha chupa. Alipolegea tukamlaza kwenye taulo jeupe chini ya taa. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, mweusi kwenye ncha. Daktari akashika kioo cha kukuzia, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniita niangalie.

Palikuwa na uzi. Uzi mmoja wa buluu, mwembamba kuliko unywele wangu, umezunguka kile kitana nilichowaambia, vile vidole viwili vilivyoungana, mara tatu au nne, na nyama imeshavimba juu yake hata uzi haukuonekana kwa macho matupu. Kila alipojichana ulikaza. Alichokuwa anakitafuna siku zote zile ni uzi. Mguu ulikuwa njiani tu. Na chini ya mkia? Hapo ndipo kisigino kilipogusa akijikunja kuufikia. Tulidhani ni vidonda viwili, kumbe ni safari moja.

Daktari akakipindua kile kifuko. Nje kitenge kinang'aa. Ndani mishono imeachwa wazi, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za mahindi. Bibi akasogea, akashika ukingo kwa vidole viwili, akasema taratibu kwa Kiswahili chao cha kule, "Ni miye nilishonaka." Hakuna aliyemjibu. Ungemjibu nini? Amemshonea mjukuu wake zawadi ya mnyama wake, kwa kitambaa alichokuja nacho toka nyumbani.

Kitana hakikupona. Kilikatwa. Daktari alisema angeletwa Jumatatu uzi ungetolewa kwa mkasi na kibano, angeenda nyumbani na vidole vyake. Jumatatu ndiyo siku niliyowaambia ana upweke.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya simu: *mwili kwanza*. Mnyama akijitafuna usimpe sababu ya moyo kabla hujamaliza mwili, kidole kwa kidole. Na hii ndiyo iliyonileta leo. Mkisahau mengine yote, mkalikumbuka hili, sitakuwa nimepoteza Jumamosi yangu wala yenu.

Mwilini mnatafuta nini? Anza miguuni, kama nilivyokwisha sema: uzi, kucha ndefu iliyonasa ikang'oka, kucha iliyojikunja. Kisha mkia wote, shina hadi ncha. Magurudumu ya kukimbilia yenye vyuma vilivyoachana yanabana mkia na kuuvunja, na mfupa uliovunjika ndani ya manyoya huuoni, unaona tu mnyama anapatafuna hapo. Gurudumu liwe na sakafu nzima.

Kisha sehemu ambayo watu wanaona haya kuitazama, na ndiyo penye mengi. Wakubwa mnisamehe, hii ni kazi yangu. Wanyama hawa wana tundu moja la nyuma linalotumika kwa yote, na pembeni yake kuna tezi za harufu zinazoweza kuziba au kuoza. Zikiziba anauma hapo. UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nayo inawapata, na mnyama mwenye UTI anajilamba chini mchana kutwa kwa sababu kunachoma. Mwone kama anakojoa kidogokidogo, au anakaza bila kitu kutoka. Jike ana mfuko wa mtoto, nao unaweza kupata maambukizi ndani huku nje pakionekana salama. Na dume… vijana mnaocheka huko nyuma, nawaona… uume wake umegawanyika pande mbili kwenye ncha, ndivyo alivyoumbwa. Mara nyingine unatoka ukashindwa kurudi. Unakauka, unauma, naye anautafuna. Hiyo ni dharura ya usiku huohuo, si ya kungoja miadi ya wiki ijayo. Msikate tamaa lakini: mkojo wake hutokea kwenye shina, si kwenye zile ncha, kwa hiyo hata daktari akilazimika kukata kilichokufa, mnyama anaishi na anakojoa kama kawaida.

Waliohasiwa nao. Kuhasi dume ni jambo jema kwa wanaofuga wengi pamoja, tatizo ni siku mbili tatu baada yake, anaweza kushambulia mshono. Ndiyo maana madaktari wengi huondoa na mfuko wa korodani pamoja, pasibaki kinachoning'inia, na dawa ya maumivu inaanza kabla hajaamka. Kabla hamjamkabidhi mnyama wenu, muulizeni daktari swali moja: mtamtuliza maumivu kwa dawa gani, na kwa siku ngapi? Akibabaika, tafuteni mwingine.

Chakula nitakipitia haraka, maana ni hotuba nyingine nzima. Glaida kwao anakula utomvu, gundi, nekta, chavua na wadudu. Hapa anapewa zabibu, tufaha, kipande cha chapati, na nyumba moja nilikuta kisahani cha soda. Jina lina sukari, haimaanishi alishwe sukari. Wakikosa kalisi mifupa yao inalainika, miguu ya nyuma inalegea, wengine wanapooza kabisa. Na mfupa unaouma ni kidonda kisichoonekana. Kuna michanganyiko inayojulikana ya asali, yai na unga wa watoto wenye vitamini, pamoja na wadudu na mboga. Daktari atawapa mmoja; ufuateni huohuo, msiuongeze ufundi wa jikoni kwenu.

Haya. Tuseme mwili umekaguliwa. Mkojo umepimwa, eksirei imepigwa, vidole vimehesabiwa, na daktari anasema sioni kitu. Hapo sasa, na hapo tu, upweke unaruhusiwa kuingia chumbani.

Na ukiingia ni mkubwa kweli. Porini glaida analala kwenye pango la mti na jamaa zake, wakubwa hata saba na watoto wao, wamesongamana wanapashana joto, wamepakana harufu mpaka wote wananuka ukoo mmoja. Anachanwa na wenzake pale asipofika. Sisi tunamchukua mmoja, tunamweka kwenye tundu sebuleni, tunampa kioo na sanamu ya dubu. Muuzaji mmoja kwenye maduka makubwa aliwaambia watu wetu kwamba mmoja anatosha, mradi umtie mfukoni mwa shati mchana umbebe. Kumbeba si kubaya. Ila usiku yeye akiamka, wewe umelala. Saa zake na zako zinapishana mlangoni.

Ingawa nyie wa zamu za usiku, wa maghala na nyumba za wazee, mnarudi alfajiri mnafunga mapazia mnalala mchana, mngefaa kuliko wote. Natania. Nusu natania.

Basi kuna mnyama anayejinyonyoa kwa upweke, kuna anayezunguka palepale au kupiga sarakasi ileile kwenye kona ya tundu mara mia, na kuna anayenyonyolewa na mwenzake. Huyu wa mwisho utamjua: manyoya yamekatika kichwani au mgongoni, mahali mdomo wake mwenyewe haufiki. Hapo usimlaumu wala usimpe dawa yeye. Tundu ni dogo, au madume wawili wanagombea nyumba, au mmoja hana la kufanya usiku kucha ila kumchana mwenzake mpaka anammaliza manyoya.

Nuru pia. Nyumba zetu hazizimi taa. Televisheni mpaka saa saba usiku, watoto wanapita, simu zinalia. Yeye muda huo ndio asubuhi yake, anataka giza. Mhamishieni chumba kinachozimwa mapema. Na harufu: mnapofua, msifue vitambaa vyake vyote kwa siku moja, maana mnamfutia anwani ya nyumba yake. Fueni nusu, nusu wiki nyingine. Kinamama, chetezo cha udi kiende chumba kingine. Nalijua penzi letu na udi, hata mimi kwangu Ijumaa haipiti bila. Ila huyu anaishi kwa pua, na moshi ukitanda sebuleni harufu zote alizojipangia zinafunikwa. Upande wa pili, tundu lisilosafishwa likinuka mkojo mpaka macho yanawasha, na ngozi yake inawasha.

Kumleta mwenzake si kumtupa ndani ya tundu. Ndiyo sehemu ya pili ya kosa langu la Jumatatu ile: nilimwambia mama atafute mwenzake kwa mnyama mwenye kidonda. Angetafuta kweli, tungekuwa na wawili waliojeruhiana. Mgeni apimwe kwanza. Dume awe amehasiwa. Matundu yakae jirani wiki kadhaa, vitambaa vibadilishane, kila mmoja alalie harufu ya mwenzake kabla ya kuonana uso kwa uso, na siku ya kuonana iwe mahali pasipo pa mmoja wao. Wengine wanapatana siku ya kwanza, wengine hawapatani kamwe.

Sasa usiku wa leo. Umefika nyumbani, umemwona anajitafuna. Mfunge kwenye flisi, kile kitambaa laini kama cha blanketi, siyo taulo lenye vitanzi, kucha zinanasa. Washa taa ya simu, angalia kila kidole, piga picha. Ukiona uzi uliozama usiuvute. Mpe joto, mpigie daktari, na ukienda chukua na kifuko anacholalia, na mwenzake kama anaye. Kifuko ni shahidi. Mwenzake ni dawa: akitengwa naye kwa siku nyingi hospitalini, kule kutengwa tu kunaweza kumwanzishia kujitafuna upya.

Usimpe panadol wala ibuprofen yako. Wewe una kilo 60, yeye gramu 120. Umemzidi mara 500. Hakuna kisu kitakachokigawa kidonge hicho.

Na usimpake shubiri. Nacheka lakini limetokea. Mama mmoja aliniambia, sisi mtoto tukimwachisha ziwa tunapaka shubiri, sasa huyu mkia wake nikaupaka. Mtoto anayenyonya haumwi na ziwa, mama yangu. Huyu anaumwa. Uchungu wa shubiri hauushindi uchungu ulioko chini yake, na zaidi ni kwamba ataulamba wote uingie tumboni.

Daktari anaweza kumvalisha koni shingoni. Koni ni breki, haitengenezi injini. Inazuia meno yasifike wakati dawa ya maumivu na ya kidonda inafanya kazi. Wapo wanaochanganyikiwa nayo, hawali, wanahangaika usiku kucha, kwa hiyo mtu akeshe naye. Ukimwona daktari anatoa koni bila kutafuta sababu, muulize sababu. Kwa heshima, lakini muulize. Na mtafuteni daktari wa wanyama hawa leo, mnyama akiwa mzima. Kliniki nyingi za mbwa na paka hawampokei, na saa nne usiku si saa ya kujifunza hilo.

Sitawadanganya. Wapo wanaoendelea kujitafuna hata baada ya uzi kutolewa na UTI kupona, kana kwamba mwili umekariri. Hao hupewa dawa za kutuliza akili, na muda, na wapo tuliowapoteza. Ningeulizwa mimi, wanyama hawa wasingeuzwa kwenye maduka hata kidogo. Sikuulizwa. Na huyu aliyekwisha kuwa sebuleni kwako hana kosa la mtu.

Niliulizwa maswali, nitayataja matatu.

Baba mmoja anahamia California na binti yake ana wawili. Nikamwambia asifunge safari kwanza. California hairuhusu kuwafuga, Alaska na Hawaii vilevile. Wapatiwe nyumba hapa Texas, tena wote wawili pamoja, wasigawanywe.

Mama wa kijana wa miaka 13 akauliza kama amnunulie. Glaida akitunzwa anaishi miaka 10 na zaidi. Kijana atakuwa na miaka 23, yuko chuo au yuko kazini mji mwingine. Nikamuuliza, mama, wewe ndiye utakayebaki naye, unamtaka? Akasema hamtaki. Tukacheka, yakaisha.

La tatu liliulizwa na mtoto wa kike, nadhani darasa la nne, aliyekaa mstari wa mbele muda wote amekunja mikono. "Yule aliyekatwa kitana, sasa anajichanaje?"

Anajichana kwa mguu wa kulia, mwanangu. Upande wa kulia wote ni nadhifu. Shingo upande wa kushoto hafiki, na miezi ya mwanzo palikuwa na manyoya yaliyosongana kama sufi. Baadaye wakamletea jike, kwa utaratibu, safari hii sikukosea. Huyo ndiye anayemchana kushoto. Mama anasema hufanya hivyo alfajiri kabla hawajalala, na yule dume anainua kidevu kama mzee aliyekaa kwa kinyozi.

Na bibi bado anashona. Vifuko vyake sasa kitenge kiko nje, ndani flisi, mishono imekunjwa mara mbili na kufichwa katikati. Alinipa kimoja nije nacho. Kipo pale mezani, karibu na birika la chai. Kipindueni, mpitishe vidole ndani pembe zote. Bibi amesema atakayepata uzi hata mmoja, amrudishie.